SOMO LETU: Volkano za Chini ya Bahari na Mawimbi Yake



Somo letu la safari hii linahusu bahari. Tunajua ya kwamba wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mnafanya kazi mbali na maji ya chumvi. Mmoja yuko kwenye mashamba ya chai, mwingine kwenye kiwanda cha sukari, mwingine kwenye kiwanda cha nguo. Huyo atauliza: bahari yanihusu nini?

Inakuhusu, ndugu. Mbolea unayotia shambani imeshushwa na makuli bandarini, na chai unayochuma inapakiwa kwa mikono yao. Tena wako wenzetu kwenye mashamba ya chumvi, kwenye viwanda vya samaki, kwenye mahoteli ya ufukoni, na kwenye mashamba ya minazi na mkonge yaliyo karibu na pwani. Kazi yao iko ukingoni mwa maji. Siku maji yatakapopanda ghafula, atakayepona ni yule aliyejua alama za hatari. Na papo hapo linakuja swali la pili, ambalo ni swali la chama: je, yule aliyejua ataruhusiwa kuacha kazi na kukimbia?

Tutajifunza kwanza mambo ya elimu, kisha tutarudi kwenye swali hilo.

WIMBI LA KILA SIKU NA WIMBI LA TSUNAMI

Funga kamba kwenye mti, shika ncha ya pili, kisha uitikise. Utaona wimbi likikimbia kutoka mkononi mwako hadi kwenye mti, lakini kamba yenyewe haiendi popote. Ndivyo yalivyo mawimbi ya bahari ya kila siku. Upepo unasukuma maji ya juu, nguvu inasafiri, lakini maji yenyewe yanapanda na kushuka karibu pale pale. Wimbi moja likipita, jingine hufuata baada ya sekunde chache tu, tano au kumi au kumi na tano. Mzamiaji akishuka chini ya kutosha hasikii tena msukosuko wa juu.

Tsunami ni jambo jingine. Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni "wimbi la bandarini". Wavuvi wa Japani waliokuwa bahari kuu hawakuona kitu, wakarudi nyumbani wakakuta bandari imevunjwa. Tsunami hutokea pale maji mengi yanaposukumwa kwa mara moja, na katika bahari kuu huwa ni maji yote yanayokwenda, kutoka juu hadi sakafu ya bahari. Wimbi moja likipita, jingine laweza kufuata baada ya dakika kadhaa, hata baada ya nusu saa au zaidi.

Mwendo wake unategemea kina cha bahari. Hesabu yake ni rahisi, hata darasa la elimu ya watu wazima laweza kuifanya. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 10, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mwendo wa wimbi kwa mita katika kila sekunde. Penye kina cha mita 4,000 tunapata 40,000, na kipeuo chake cha pili ni 200. Mita 200 kwa sekunde ni kilomita 720 kwa saa, yaani karibu sawa na ndege ya abiria. Penye kina cha mita 10 tunapata 100, na kipeuo chake ni 10, yaani kilomita 36 kwa saa. Hata huo wa mwisho ni mwendo ambao mtu wa kawaida hawezi kuushinda kwa miguu.

Kwa nini basi wimbi linakuwa refu likifika pwani? Fikirini lango la kiwanda wakati wa kubadili zamu. Wa mbele wakifika langoni wanapunguza mwendo, lakini wa nyuma bado wanakuja kwa kasi, basi watu wanasongamana. Maji nayo ni hivyo. Ya mbele yanafika penye kina kidogo na kupunguza mwendo, ya nyuma yanasukuma, na yasipokuwa na pa kwenda yanapanda juu. Wimbi ambalo katika bahari kuu lilikuwa chini ya mita moja laweza kufika pwani likiwa na mita nyingi.

Tena tukumbuke uzito. Maji ya bahari yanayojaa sanduku la mita moja kila upande yana uzito wa zaidi ya tani moja, yaani zaidi ya magunia kumi ya kilo mia mia. Wimbi linapoingia nchi kavu linaleta magunia hayo kwa maelfu kwa maelfu, pamoja na magogo, mabati, na mashua.

NAMNA VOLKANO INAVYOSUKUMA BAHARI

Tsunami nyingi zinatokana na tetemeko la ardhi chini ya bahari. Lakini ziko nyingine zinazoletwa na volkano, na hizo ndizo somo letu. Ndugu zetu wa Goma wanaijua Nyiragongo, ambayo moto wake uliingia mjini tarehe 17 Januari 2002, ukafika hadi Ziwa Kivu. Baharini pia iko milima ya namna hiyo, mingi sana, mingine imejificha chini ya maji na mingine imetoa kichwa kama kisiwa. Mlima kama huo unasukuma bahari kwa njia kadhaa.

Kwanza, mlipuko wenyewe. Moto wa chini ukikutana na maji ya bahari mahali pasipo na kina kirefu, maji yanageuka mvuke kwa ghafula na kulipuka, kama boila iliyopasuka.

Pili, ubavu wa mlima unaporomoka. Mlima wa volkano unajengwa kwa majivu na mawe yaliyorundikana bila kushikamana vizuri. Ubavu mmoja ukianguka baharini, maji yanaondoka kumpisha.

Tatu, mafuriko ya majivu na mawe ya moto yanatelemka kutoka mlimani na kuingia baharini kwa kasi kubwa.

Nne, mlima unabomoka ndani. Tumbo lake likiisha kutapika, paa linaanguka na bahari inajaza shimo.

Tano, mshindo wa hewa. Mlipuko mkubwa sana unasukuma hewa, na hewa hiyo ikipita juu ya bahari inayasukuma maji nayo. Hili lilijulikana zamani, lakini lilionekana wazi mwaka 2022, kama tutakavyoeleza.

KRAKATAU, 1883

Kati ya visiwa vya Java na Sumatra pana mlango wa bahari uitwao Sunda. Katikati yake kilikuwako kisiwa cha Krakatau. Nchi hiyo, ambayo leo ni Indonesia, wakati huo ilikuwa chini ya ukoloni wa Waholanzi. Mlima uliamka mwezi Mei 1883. Watu waliuona moshi, na mwezi huo huo ilipelekwa hata meli ya abiria kwenda kuutazama kama tamasha. Miezi ikapita, watu wakazoea.

Mchana wa tarehe 26 Agosti mlima ulianza kulipuka kwa nguvu. Jioni na usiku bahari ilipanda na kushuka, na baadhi ya vijiji vya pwani vikapigwa. Asubuhi ya tarehe 27 ilikuja milipuko minne mikubwa, na mkubwa kupita yote ulikuja kama saa nne asubuhi. Sehemu kubwa ya kisiwa ilitoweka. Mawimbi yaliyopiga pwani za Java na Sumatra yalipanda zaidi ya mita 30 katika sehemu fulani. Hesabu ya serikali ya wakati ule ilikuwa watu 36,417 waliokufa, na walio wengi waliuawa na maji, si na moto.

Tutazame mahali pamoja, Merak, kwenye pwani ya Java. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya kujengea bandari ya Batavia. Waliokuwa wakichonga mawe hayo walikuwa vibarua. Wengi walikimbilia kilima kilichokuwa karibu, lakini wimbi lilikipita kilima chenyewe. Waliopona Merak ni wachache mno. Ng'ambo ya pili, kwenye pwani ya Sumatra, manowari iitwayo Berouw ilibebwa na maji na kutupwa bondeni zaidi ya kilomita mbili kutoka baharini. Lakini meli nyingine, iliyokuwa imeondoka ufukoni na kuelekeza omo kwenye wimbi, ilipanda juu yake na kushuka salama.

Mshindo ulisikika hata kisiwa cha Rodrigues, karibu na Morisi, zaidi ya kilomita 4,500 kutoka hapo. Vipimo vya maji katika bandari ya Afrika Kusini vilionyesha bahari ikipanda na kushuka. Yale mawe mepesi yenye vitundu, ambayo watu husugulia nyayo, yalielea kwa miezi mingi yakavuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika ya Mashariki. Basi jambo la mbali si la mbali sana kama tunavyodhani.

MTOTO WA KRAKATAU, 2018

Mwaka 1927 mlima mpya ulianza kuchomoza pale pale, wenyeji wakauita Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Tarehe 22 Desemba 2018, kama saa tatu usiku, ubavu wake wa kusini-magharibi uliporomoka baharini. Mlima uliokuwa na kimo cha zaidi ya mita 300 ukabaki na kama mita 110. Baada ya nusu saa hivi mawimbi yalikuwa yamefika pwani. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Miongoni mwao walikuwa wafanyakazi wa shirika la umeme la nchi hiyo na jamaa zao, waliokusanyika ufukoni kwa sherehe ya kufunga mwaka. Muziki ulikuwa ukipigwa. Wimbi lilikuja nyuma ya jukwaa.

Kwa nini hawakuonywa? Indonesia ilikuwa na mitambo ya kuonya tsunami, lakini ilitegemea tetemeko kubwa la ardhi. Mashine ikiona tetemeko, kengele inalia. Usiku ule hapakuwa na tetemeko kubwa, ni mlima tu ulioanguka, basi kengele haikulia. Hili ni funzo kubwa kwetu. Mtambo unaona kile tu ulichotengenezwa kukiona. Mtu asiseme, "Kwa kuwa king'ora hakijalia, hakuna hatari."

TONGA, 2022

Tonga ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki yenye watu kama laki moja. Kilomita 65 hivi kutoka mji wake mkuu, Nuku'alofa, iko volkano ya chini ya maji iitwayo Hunga Tonga-Hunga Ha'apai. Ilianza kutoa moshi mwezi Desemba 2021. Tarehe 15 Januari 2022, kama saa kumi na moja jioni, ililipuka. Wingu lake lilipanda kama kilomita 57 juu, ambacho ni kimo kikubwa kuliko kingine chochote cha wingu la volkano kilichowahi kupimwa. Visiwa vya karibu vilipigwa na mawimbi ya mita nyingi. Kwenye kisiwa cha Mango nyumba zote zilibomolewa.

Hata hivyo waliokufa katika Tonga nzima hawakufika kumi. Sababu yake nini? Siku iliyotangulia lilitolewa onyo. Tena watu walikuwa wamefundishwa: ukisikia mshindo wa mlima, usingoje kuambiwa. Waliposikia, waliondoka pwani, wengine kwa magari na wengine kwa miguu, wakapanda penye mwinuko.

Mshindo wa hewa ulikimbia zaidi ya mita 300 kwa sekunde na kuizunguka dunia mara kadhaa. Kwa kuwa ulipita juu ya nchi kavu bila kuzuiwa, ulitikisa maji hata kwenye bahari zilizo upande mwingine wa mabara. Huko Japani mawimbi ya kwanza yalifika zaidi ya saa mbili kabla ya wakati uliohesabiwa. Huko Peru, kilomita elfu kumi hivi kutoka mlimani, watu wawili walizama pwani, kwa sababu hapakutolewa amri ya kuwaondoa watu ufukoni. Siku hiyo hiyo meli iliyokuwa ikishusha mafuta kwenye kiwanda karibu na mji wa Lima ilimwaga maelfu ya mapipa baharini. Mwenye kiwanda alisema ni mawimbi, wengine wakasema ni uzembe. Mabishano yakaenda mahakamani, na wavuvi wakakosa riziki kwa miezi mingi.

Jambo moja zaidi la Tonga linawahusu wafanyakazi wa mashamba. Watonga wengi huenda Australia na New Zealand kwa kazi za msimu, kuchuma matunda na mboga, na mshahara wao huutuma nyumbani. Mlipuko ulikata waya wa mawasiliano ulio chini ya bahari, na ilichukua wiki tano kuutengeneza. Siku za mwanzo mchumaji wa matunda aliamka asubuhi akaenda shambani bila kujua kama mama yake yu hai. Wenzetu waliowahi kuvuka mpaka kutafuta kibarua wanaelewa uzito wa jambo hilo.

JE, KWETU?

Mwezi Mei 2018 watu wa Mayotte, katika visiwa vya Komoro, walianza kusikia ardhi ikitetemeka mfululizo. Mwaka uliofuata wataalamu walipeleka meli, wakakuta mlima mpya wa volkano umezaliwa sakafuni mwa bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa. Ulikuwa na kimo cha kama mita 800. Baadaye uliitwa Fani Maoré. Mlima huo uko kati ya Msumbiji na Madagaska, jirani kabisa na sisi.

Haukuleta tsunami. Sakafu ya bahari pale iko chini kama mita 3,500, na uzito wa maji hayo yote unaukandamiza moto usilipuke, basi unatoka polepole kama uji mzito. Kwa hiyo tusitishane. Si kila volkano ya baharini inaleta wimbi. Hatari ni kubwa zaidi pale kilele kilipo karibu na uso wa maji, au pale ubavu wa mlima unapoweza kuporomoka.

Lakini tsunami ya namna nyingine imetufikia. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa huko Sumatra lilisukuma Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 220,000 walikufa, wengi wao Asia. Wimbi lilichukua saa saba hivi kufika Somalia, na huko walikufa karibu watu 300. Tanzania walikufa kumi na zaidi, na Kenya mtu mmoja. Saa saba ni nyingi, kuliko hata muda wa nusu zamu, na zilitosha kabisa kuonya. Lakini wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na mitambo ya onyo. Sasa iko, na onyo hupitia idara za hali ya hewa za kila nchi. Kinachobaki ni hatua ya mwisho, kutoka ofisini hadi kwa mtu aliye kwenye shamba la chumvi. Hatua hiyo ndiyo ngumu, na hapo tawi la chama lina kazi.

ALAMA ZA HATARI

Kila mfanyakazi wa pwani azishike kwa moyo:

1. Ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu, ondoka ufukoni.
2. Bahari ikirudi nyuma ghafula na kuacha samaki juu ya mchanga, usiende kuokota. Kimbia upande wa pili. Lakini mara nyingine bahari hairudi nyuma kwanza, maji huja tu.
3. Ukisikia mngurumo mkubwa kutoka baharini, usisimame kutazama.
4. Panda mwinuko. Kama hakuna mwinuko, panda ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo la zege lililo imara.
5. Usirudi baada ya wimbi la kwanza. Huko Krakatau mawimbi madogo yalitangulia na kubwa likaja baadaye. Ngoja hadi itangazwe kwamba hatari imekwisha.

HAKI YA KUONDOKA

Sasa turudi kwenye swali letu. Bahari imerudi nyuma, na nyapara anasema, "Maliza kwanza kupakia gunia hizo." Mfanyakazi afanye nini?

Ushauri wetu ni mmoja: aondoke, na awaite wenzake. Hatusemi hivyo kwa jeuri. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali pa kazi, akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yamo katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asipate adhabu isiyo ya haki kwa kufanya hivyo. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Maana yake kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi yake, hata kama bado haijauridhia.

Lakini haki iliyoandikwa Geneva haimsaidii mtu kama haijulikani langoni mwa kiwanda. Kwa hiyo matawi yetu ya pwani yadai mambo haya katika mapatano na mwajiri: njia ya kukimbilia ionyeshwe kwa vibao, king'ora kiwekwe na kijaribiwe, mazoezi yafanywe angalau mara moja kwa mwaka katika saa za kazi bila kukatwa mshahara, na iandikwe wazi ya kwamba atakayekimbia kwa alama ya kweli hataadhibiwa hata kama wimbi halikuja. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 5 Novemba kila mwaka kuwa siku ya kuelimishana juu ya tsunami. Ni siku nzuri ya kufanya zoezi hilo.

Na vibarua wa siku wasisahauliwe. Wale vibarua wa Merak hawakuwa na chama cha kuwasemea. Sisi tunacho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa hesabu tuliyojifunza, tsunami inakwenda kwa mwendo gani penye kina cha mita 1,000? Na penye kina cha mita 90?
2. Kwa nini kengele haikulia Indonesia mwaka 2018? Je, mahali petu pa kazi tunategemea kengele gani, na inaweza kukosa kuona hatari gani?
3. Kutoka hapa tunapofanya kazi, mwinuko wa karibu uko wapi? Ni dakika ngapi kwa miguu kwa mzee, kwa mama mwenye mtoto mgongoni, na kwa mwenzetu aliye kilema?
4. Nani katika zamu ya usiku ana mamlaka ya kusema "kimbieni"? Kama hayupo, nani aseme?
5. Mapatano yetu na mwajiri yanasema nini juu ya kuacha kazi kwa sababu ya hatari? Kama hayasemi kitu, nani atalipeleka jambo hilo kwenye mkutano ujao?

Ndugu, someni kwa pamoja, na aliye na macho mazuri awasomee wengine. Majibu ya swali la kwanza ni kilomita 360 kwa saa na kilomita 108 kwa saa. Majibu ya maswali mengine yako kwenu.